Seli Shina za Kiinitete cha Nguruwe na Mgonjwa wa Figo

Mgonjwa wa figo wa Mbeya au Iringa anayesikia kwamba nguruwe wataziba pengo la figo za kupandikiza huuliza swali la haki: ni nguruwe hawa wa nyumbani? Jibu huanzia kwenye kiinitete.

Takriban siku ya sita baada ya yai la nguruwe kurutubishwa, kiinitete huwa kitufe chenye maji ndani. Seli za nje zitajenga kondo la nyuma. Kifundo cha seli chache za ndani ndicho kitakachokuwa mnyama. Mtafiti hukitoa kifundo hicho, akakilaza juu ya tabaka la seli lishi, ndani ya kimiminika chenye virutubisho na joto la mwili. Seli zikiendelea kugawanyika kwa muda mrefu bila kupoteza uwezo wa kuwa ngozi, mfupa au neva, huitwa ukoo wa seli shina.

Kwa panya hilo liliwezekana mwaka 1981, kwa binadamu 1998. Nguruwe alikaidi. Seli zake zilikufa, au ziligeuka upesi kuwa za aina nyingine. Kiinitete cha panya hujishikiza mapema kwenye mji wa mimba. Cha nguruwe huelea kwanza, kisha karibu na siku ya 12 hurefuka kama uzi, hata kukaribia mita moja. Ishara zinazotuliza seli za panya hazikutosha kwake. Ukoo imara ulitangazwa mwaka 2019, baada ya watafiti kuzuia baadhi ya njia za mawasiliano ndani ya seli.

Figo ya nguruwe iliyopandikizwa Boston, Marekani, Machi 2024 haikutokana na seli hizo, bali na nguruwe aliyeumbwa kwa seli za kawaida zilizorekebishwa jeni. Lakini seli za kawaida huchoka haraka maabarani. Seli shina huvumilia marekebisho mengi, na ndiyo thamani yake.

Nguruwe huyo hufugwa ndani ya jengo lililolindwa dhidi ya vimelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Mbozi, iliyokuwa bado mkoani Mbeya, na Mbeya Vijijini ulikuta dalili za viluwiluwi vya tegu katika damu ya karibu thuluthi moja ya nguruwe. Hao si wa kutoa figo.

Kwa hiyo vidonge na unga unaouzwa mitaani kwa jina la seli shina havina uhusiano na kazi hii. Mgonjwa asiache kusafishwa damu kwa ajili yake. Upandikizaji uliopo nchini, ulioanza Muhimbili mwaka 2017, hutumia figo ya ndugu aliye hai.