Somo la plastiki linapofika jikoni

Lusahunga ni njia panda. Hapo barabara ya Rusumo na ile ya Biharamulo huachana, na malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Chupa za maji zinarushwa madirishani. Uani, mama anayewasha jiko la mkaa anatafuta kipande cha plastiki: kinashika moto upesi, kinadondosha matone yanayowaka, mkaa unakolea.

Hapo ndipo somo la mazingira lilipaswa kuanzia. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na maganda ya nyaya, ina klorini. Ikiungua kwenye moto hafifu huzalisha dayoksini, sumu inayohusishwa na saratani. Mama huivuta akiwa amejiinamia jikoni, mtoto mgongoni. Majivu nayo yanaishia kwenye mchicha.

Sheria imeshafanya sehemu yake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku Tanzania Bara pia. Lakini chupa, vifungashio na kandambili zilizokatika zingali uani, na vijiji vingi havijawahi kuona gari la taka.

Je, mtoto anaweza kubadili nyumba? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Shelisheli ulipima wanafunzi waliofundishwa kuhusu ardhi oevu, kisha ukawapima wazazi wao. Wazazi nao walikuwa wameelimika, na hata matumizi yao ya maji yalikuwa ya uangalifu zaidi. La kusisimua ni kwamba wengi walidhani wameyapata hayo kwenye vyombo vya habari. Mtoto alikuwa amewafundisha bila wao kujua.

Njia hiyo ya kimyakimya inafaa sana huku kwetu, ambako mtoto hamkosoi mama yake. Akija na katazo tupu, atanyamazishwa, na kwa haki: jiko lazima liwake. Akija na magunzi makavu ya mahindi, ambayo baada ya mavuno yamejaa uani, amekuja na msaada.

Mwalimu anaweza kuagiza kila mwanafunzi akusanye plastiki ya nyumbani kwao kwa wiki moja. Jumatatu darasani watazihesabu: vifuniko, mirija, soli, nailoni za sukari. Dumu la mafuta ya kula litakosekana. Mama atakuwa amelikatalia, bado analichotea maji.