Bandama ya Mgonjwa wa Mbamba Bay

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, kichwa chake kikizungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, mkia wake ukifika kwenye bandama upande wa kushoto. Kwa ujirani huo, uvimbe ulipoota mkiani, madaktari wa upasuaji walizoea kuondoa vyote viwili, hata bandama ikiwa nzima. Ilikuwa njia fupi, na iliaminika kuwa mtu mzima huishi vizuri bila bandama. Kwa mgonjwa wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, naona imani hiyo ni ya hatari. Bandama huchuja damu, ikinasa bakteria na chembe nyekundu zilizoshambuliwa na malaria. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watu wazima 33 walioondolewa bandama. Walikutwa na vimelea vya malaria vilivyoambatana na homa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wenye bandama. Mwambao wa Nyasa una joto na mbu zaidi kuliko milima ya kahawa ya Mbinga, na anayerudi huko bila bandama anarudi bila kinga ambayo mgonjwa wa Ulaya haihitaji kiasi hicho.

Njia za kuihifadhi zipo. Mwaka 1988 Andrew Warshaw wa Marekani alieleza namna ya kukata ateri kuu na vena kuu ya bandama, na kuiacha iishi kwa mishipa midogo itokayo kwenye mfuko wa chakula. Mwaka 1996 Wataru Kimura wa Japani na wenzake walieleza njia ngumu zaidi: kuibakiza mishipa mikuu yenyewe. Vena ya bandama hupita mgongoni mwa kongosho, na vijitawi vyake vyembamba hufungwa kimoja kimoja. Kikichanika kimoja, damu hufunika kila kitu. Kwetu tofauti hii ni kubwa, kwa kuwa malaria ya mara kwa mara na kichocho huvimbisha bandama, na bandama kubwa ikilishwa na mishipa midogo pekee, sehemu yake inaweza kufa. Kwa hiyo ipimwe kwa ultrasaundi kabla ya kuchagua njia.

Wapo watakaosema saratani haibembelezwi. Ni kweli: saratani kali ya kongosho husambaa kwenye matezi ya limfu yaliyo jirani na bandama, na hapo bandama iondolewe bila kusita. Lakini si kila uvimbe ni huo. Insulinoma, inayoshusha sukari hadi mtu azimie, kwa kawaida haizidi sentimita 2 na mara nyingi si saratani. Na upo uvimbe unaowapata zaidi wanawake vijana, ambao hukua polepole na kupona kwa kukatwa. Wengine watasema upasuaji wenyewe uko mbali, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Umbali huohuo ndio unaoipa hoja uzito, maana homa ya ghafla usiku haitamsubiri mgonjwa afike kwa bingwa.

Ukiambiwa utakatwa mkia wa kongosho, uliza mapema kama bandama itabaki. Ikibidi itoke, dai chanjo za numokoka, meningokoka na Hib angalau wiki 2 kabla ya upasuaji uliopangwa, lala ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote ikupeleke hospitali saa hiyohiyo.