Elimu ya vijana mwaka 2060: Kenya na Tanzania zilinganishwe vipi?

Ukisikia makadirio ya elimu ya mwaka 2060 unaweza kudhani ni utabiri. Kumbe sehemu kubwa ya safari hiyo ni hesabu ya watoto ambao leo wako darasani. Mtu akitimiza miaka 25, kwa kawaida masomo yake ya shule yamekwisha: mwenye cheti cha kidato cha nne hanyang'anywi, na asiyekipata utotoni ni nadra kukipata ukubwani. Ndiyo maana wataalamu wa demografia, wakiwamo wa Kituo cha Wittgenstein mjini Vienna, huligawa kila rika kwa umri, jinsia na kiwango cha elimu, kisha hulisogeza mbele miaka mitano mitano, wakiondoa wanaofariki na kuzingatia wanaohama na kuhamia.

Tuchukue vijana wa miaka 25 hadi 34. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo akiwa na miaka sita alitimiza 25 mwaka 2022. Matunda ya sera hiyo ndiyo kwanza yanaingia kwenye takwimu za vijana. Tanzania nayo ilifuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016. Aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huo akiwa na miaka 14 atafika 25 mwaka 2027, na kundi zima la 25 hadi 34 litakuwa la watu wa baada ya sera hiyo ifikapo 2036. Kwa hiyo mstari wa Tanzania kwenye mchoro wa makadirio ukipanda katika miaka ya 2030, sifa si ya serikali itakayokuwa madarakani wakati huo pekee. Mengi yaliamuliwa zamani, tangu mpango wa sekondari za kata ulioanza mwaka 2004.

Kabla ya kutangaza nani yuko mbele, tazama majina ya ngazi. UNESCO hupanga mifumo ya nchi zote katika ngazi zilezile ili ilinganishike. Katika mpangilio huo, mfumo wa Kenya wa 8-4-4, ambao sasa unaachwa, hukatwa hivi: miaka sita ya kwanza ni msingi, darasa la saba na la nane ni sekondari ya chini, na kidato cha kwanza hadi cha nne ni sekondari ya juu. Kwa Tanzania, miaka yote saba ya shule ya msingi ni msingi, kidato cha kwanza hadi cha nne ni sekondari ya chini, na sekondari ya juu ni kidato cha tano na cha sita tu. Matokeo yake, mhitimu wa kidato cha nne wa Kisumu, aliyesoma miaka 12, huhesabiwa sekondari ya juu. Mwenzake wa Mwanza, aliyesoma miaka 11, huhesabiwa sekondari ya chini. Mwaka mmoja tu wa masomo huonekana kama ngazi nzima. Sehemu ya pengo utakaloliona kwenye mchoro imetoka hapo, na anayetaka kulinganisha kwa haki aangalie pia wastani wa miaka ya masomo.

Jambo la pili ni idadi ya watoto. Kwa mujibu wa tafiti za afya na idadi ya watu za mwaka 2022, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa wastani wa watoto 3.4, wa Tanzania 4.8. Kati ya sensa za 2012 na 2022, watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa kasi hiyo idadi huwa maradufu ndani ya miaka 22 hivi. Nchi ya namna hiyo hujenga madarasa na kuajiri walimu bila kupumzika ili asilimia ibaki palepale, achilia mbali kupanda.

Tukivuka mwaka 2050, tunaanza kuwazungumzia watu ambao hawajazaliwa, na hapo hesabu huyaachia nafasi makisio. Wataalamu huchora njia kadhaa: ya maendeleo ya haraka, ya wastani, na ya kukwama, ambamo uandikishaji hubaki ulipo. Njia ya kukwama isipuuzwe. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania ilikaribia kuandikisha watoto wote shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha uchumi ukayumba, michango ikarudi, na uandikishaji ukashuka. Mstari unaopanda daima husahau historia hiyo.

Kinachoziunganisha njia zote ni msichana. Akibaki shuleni, kwa kawaida huchelewa kuzaa, huzaa wachache, na huwasomesha zaidi. Ruhusa ya mwaka 2021 kwa wasichana wa Tanzania waliojifungua kurudi shuleni inaigusa hesabu hii mara mbili. Msichana wa miaka 10 mwaka 2025 atahesabiwa miongoni mwa vijana mwaka 2040; mwanawe akizaliwa mwaka huo, atahesabiwa 2065. Anayetaka kujua njia ipi kati ya zile itatimia, aanze kwa kuuliza ni wasichana wangapi walioanza darasa la kwanza pamoja watamaliza sekondari.