Sataranji Huko Kakuma

Atokaye Lodwar, mji mkuu wa Turkana, akifuata njia ya kaskazini-magharibi, hupita kadiri ya kilomita 120 za nchi kame kabla ya kufika Kakuma. Hapo pana kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, nayo imepokea watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na nchi nyingine. Lugha zao ni nyingi, na si kila mtu awezaye kusemezana na jirani yake. Lakini upo mchezo usiohitaji mkalimani, nao ni sataranji.

Mwaka 2021 Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lilishirikiana na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kuanzisha mafunzo ya mchezo huo Kakuma, na wasichana wa shule wakawa miongoni mwa wanafunzi.

Ajuaye bao atauelewa upesi, kwani humo pia hamna kubahatisha. Katika mashindano wachezaji wawili hupeana mikono, kisha hunyamaza. Kila mmoja ana kete 16, na mwenye nyeupe huanza. Sheria ni kali: aliyegusa kete yake sharti aiendeshe, hata akitambua kwamba amekosea. Saa iliyo kando ya ubao huhesabu wakati wa kila mtu, na ukimwishia, kwa kawaida ameshindwa, ijapokuwa kete zake ni nyingi.

Mwanagenzi mwenye pupa huwahi kumtoa malkia na askofu, wote wawili wakimwelekea askari mmoja anayelindwa na mfalme peke yake. Mwenzake asipoangalia, mfalme hufungwa kwa hatua ya nne tu. Lakini akiwa macho, huziba njia, kisha humfukuza malkia kwa farasi na askari, huku akilipanga jeshi lake. Mwenye pupa hurudi nyuma hatua kwa hatua, na faida yote ya kuanza humpotea.

Mkimbizi hakupenda kuiacha nchi yake, na kwa miaka mingi hakuweza kutoka kambini pasipo ruhusa. Ubaoni kila hatua ni shauri lake mwenyewe, na akishindwa hana wa kumlaumu. Mchezo ukiisha, wawili hao hupeana mikono tena, wakazipanga kete upya.