Akiba ya Umeme kwa Kompyuta ya Shule

Mwalimu atakayepangiwa shule ya msingi Tunduma au Vwawa huenda akakabidhiwa kompyuta moja tu, yenye alama za wanafunzi wote. Umeme ukikatika ghafla, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Ndiyo maana twashauri shule iwe na kifaa cha akiba ya umeme, kijulikanacho kwa jina la UPS.

Wakati wa kununua tusivutwe na tarakimu kubwa ya boksini. Hiyo ni volti-ampea. Inayotuhusu ni wati, nayo aghalabu ni ndogo zaidi. Kifaa cha volti-ampea 650 huweza kubeba wati 360 tu. Tujumlishe wati za kompyuta na za kioo chake, kisha tuongeze robo; hesabu hiyo yafaa hata kwa somo la Hisabati. Printa ya leza isichomekwe humo: ipatapo moto huvuta umeme mwingi mno.

Betri hutupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta, si za kumalizia ripoti. Kila muhula tuijaribu kwa kuzima swichi ya ukutani, kazi ikiwa imekwisha kuhifadhiwa. Na vile vitambaa vya kutarizi tupendavyo kufunikia vyombo tuviweke mbali, kwani joto huichakaza betri kabla ya miaka yake 3 hadi 5.