Tumbo, Utumbo na Msokoto: Istilahi za Maradhi ya Tumbo Yaanzayo Ghafla

Miongoni mwa maandishi yanayowatatiza wafasiri, maelekezo ya afya yamo katika safu ya mbele, na katika hayo sehemu ihusuyo tumbo ina utata wa pekee. Kidole tumbo, vidonda vya tumbo na homa ya matumbo ni majina yaliyokwisha kukubalika. Shida huanza mfasiri akutanapo na sababu zisizo za kawaida za maumivu ya ghafla kwa watu wazima. Hapo kalamu husita, ikaandika “chango” au “mshipa”, kisha ikaendelea na aya inayofuata. Tunakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo si la lugha tu. Mtu ambaye utumbo wake umejisokota ana saa chache za kuokolewa, na jina la ugonjwa laweza kuamua kama atapelekwa hospitali au atachemshiwa mizizi.

Tuanze na “chango”. Neno hili hutajwa kwa minyoo, kwa utumbo wenyewe, na kwa maumivu ya wanawake ya chini ya kitovu. Halikosi ukweli kabisa, kwa kuwa mnyoo wa mviringo huweza kupenya katika mfereji wa nyongo na kuleta maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Hata hivyo, neno lenye maana nyingi kiasi hicho halifai kuwa istilahi ya tabibu.

“Mshipa” una hatari zaidi. Upo ugonjwa ambao kipande cha damu iliyoganda hutoka moyoni, hasa kwa mtu ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpango, kikaziba njia ya damu inayolisha utumbo. Mgonjwa hulia kwa maumivu, lakini tumbo likibonyezwa huwa laini, kana kwamba hapana kitu. Mfasiri akiandika “mshipa wa tumbo umeziba”, wasomaji wengi watadhani ni ngiri, kwani katika mazungumzo mshipa ni ngiri, na pengine ni busha. Hapa hatuna budi kutumia “ateri”, neno lililokwisha kuzoeleka shuleni, na kuandika “kuziba kwa ateri ya utumbo”.

Sasa tuje kwenye msokoto. Sote twasema “msokoto wa tumbo” kwa maana ya maumivu yanayokaza na kulegea, kama ya mtu aliyekula chakula kilichochacha. Hayo ni maelezo ya hisia. Lakini kuna ugonjwa ambao kitanzi cha mwisho cha utumbo mpana, karibu na puru, hujizungusha kama kamba. Choo na hewa havipiti, tumbo hujaa kama ngoma, na damu ikikatika sehemu ile ya utumbo huoza. Ukiwahiwa kabla ya kuoza, daktari huweza kuufungua kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa, ndipo upasuaji ukapangwa. Ukichelewa, kilichooza hukatwa. Tunapendekeza ugonjwa huu uitwe “msokoto wa utumbo”. Tofauti ya majina hayo mawili ni herufi moja, na mpiga chapa mwenye haraka huweza kuidondosha. Kwa hiyo mfasiri aongeze maneno “kujisokota kwa utumbo” pale jina linapotajwa mara ya kwanza. Faida ya “msokoto” ni kwamba hutumika pia kwa ovari na korodani, ambako hatari ni ile ile ya kukatika kwa damu.

Si kila pengo linahitaji neno jipya. Mahali palipo chini ya kidari tayari panaitwa “chembe cha moyo”, na bado tunasoma tafsiri zinazozunguka kwa kusema “sehemu ya juu ya tumbo, katikati”. Maumivu ya hapo huweza kutoka kwenye kongosho iliyovimba, na wakati mwingine hutoka moyoni hasa, misuli ya moyo inapokosa damu. Wahenga hawakukosea sana walipopapa jina hilo. Vilevile “selimundu”, iliyoundwa kwa seli na mundu wa mkulima, humwonyesha msomaji umbo la chembe ya damu inayokwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu ya tumbo, hata kwa mtu mzima.

Neno “kali” nalo lina matata yake. Istilahi ya kitabibu yenye maana ya ugonjwa ulioanza karibuni kwa ghafla hufasiriwa “kali” bila kufikiri, na msomaji huelewa ukubwa wa maumivu. Mzee huweza kupasukiwa na utumbo akaumwa kidogo tu. Pale muda unapokusudiwa, iandikwe “ya ghafla”.

Limebaki neno “nadra”. Vitabu vingi vya tiba tunavyofasiri viliandikiwa Ulaya, ambako msokoto wa utumbo si wa kawaida na huwapata zaidi wazee. Katika Afrika ya Mashariki ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za kuziba kwa utumbo, na wanaume wenye nguvu zao huupata. Mfasiri akutanapo na “nadra” katika sura ya namna hiyo, asiliache likapita kabla hajamwuliza daktari wa hapa nchini.