Meli ya Kitalii Ikiruka Bandari Uliyolipia, Unarudishiwa Doh Ngapi?

Machi 2024 mtandao ulichizi na stori ya wasee wanane walioachwa na meli São Tomé. Meli yenyewe ilikuwa Norwegian Dawn, na hao wanane, Wamarekani na Waaustralia, walikuwa wameenda kuzunguka kisiwa na tour ya kujipangia, si ile inauzwa na meli. Wakachelewa kurudi. Nahodha hakungoja mtu, meli ikang'oa nanga, wao wakabaki ufuoni wakiiangalia.

Wengi walicheka wakaishia hapo. Lakini sehemu moto ya hiyo stori ilikuja baadaye. Hao wasee walizunguka nchi kadhaa za Afrika wakifukuzia meli, mpaka wakafika Banjul, Gambia, penye ratiba ilisema itasimama. Guess nini? Meli ikashindwa kuingia Banjul. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na maji yalikuwa na masaa yake. Bandari ikarukwa. Ikabidi wapige safari ya barabara hadi Dakar, Senegal, na hapo ndipo wakaipata.

Sasa angalia vile kampuni ilimaliza hiyo kesi. Ilisema itawarudishia gharama ya kutoka Banjul hadi Dakar. Ya kutoka São Tomé hadi Banjul? Hiyo ni juu yao. Yaani kuchelewa ni kosa lako, lakini ratiba ikibadilika wakati ushafika mahali uliambiwa ufike, angalau kuna mtu wa kuongea naye. Na hata hapo kampuni haikusema inadaiwa. Ilisema tu italipa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ukielewa tofauti yake umeelewa hii biashara yote.

Umenunua nini hasa?

Ukilipia kruzi ya siku kumi na bandari saba, kichwani unajua umenunua bandari saba. Kulingana na karatasi, umenunua kitanda, msosi na meli inayosonga. Kwenye mkataba wa tiketi, ile kitu ndefu unabonyeza "nakubali" bila kusoma, kuna kipengele kinachosema kampuni inaweza kubadilisha, kufupisha ama kuruka bandari yoyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kukuambia mapema, na isiwe na deni lolote kwako. Kampuni kubwa zote za Miami ziko na hiyo laini, maneno tu ndiyo yanatofautiana.

Kinachorudi mfukoni kwa kawaida ni vitu viwili. Cha kwanza ni ada na kodi za bandari. Meli ikiingia mahali inalipia kila kichwa, na isipoingia, hiyo pesa haina kazi, so inarudishwa kwa akaunti yako ya ndani ya meli. Usitarajie miujiza, ni pesa kidogo ukilinganisha na ile ulilipa. Cha pili ni tour ulizonunua kutoka kwa meli yenyewe. Hizo zinarudi zote. Kama ulijipangia tour na mwenyeji kupitia simu, hiyo ni kati yako na yeye.

Ni kama umelipa mat kutoka Rongai hadi tao, makanga akawashukisha Bomas juu ya jam, halafu akakurudishia mbao. Ukimuuliza anakwambia si amekurudishia. Na kweli amekurudishia.

Kuna kitu lazima tuseme, hata kama inauma. Nguvu ya nahodha ya kuruka bandari haikutungwa ili kukuibia. Sheria za kimataifa za usalama baharini, zinaitwa SOLAS, zinasema wazi kwamba kampuni haiwezi kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama. Kuna bandari kama Grand Cayman na Santorini ambazo meli kubwa hazifungwi gatini, abiria wanashukishwa na boti ndogo, na upepo ukizidi kidogo hizo boti haziwezi. Hapo mimi niko upande wa nahodha, hundred percent. Shida ni kwamba kile kipengele hakitofautishi upepo na injini ambayo kampuni ilijua inasumbua kabla haijauza tiketi. Vyote vinaingia kwa mfuko mmoja wa "sababu yoyote".

Wakati kampuni hufungua mkono

Kama ulicheki ile documentary ya Netflix ya 2025 kuhusu Carnival Triumph, ile wamerekani waliibatiza jina la choo, unajua vile mambo yanaweza kuharibika. Februari 2013 meli ilishika moto chumba cha injini ikiwa Ghuba ya Mexico, ikakosa stima, vyoo vikagoma, na watu zaidi ya 4,000 wakaelea siku kadhaa kabla haijavutwa hadi Mobile, Alabama. Abiria walirudishiwa pesa yote, wakalipiwa njia ya kurudi nyumbani, wakapewa kruzi nyingine ya bure na dola 500 juu. Mbona Carnival ilikuwa na roho safi hivyo? Kamera za CNN zilikuwa zinangoja gatini, basi.

Miezi michache baadaye muungano wa kampuni za kruzi, CLIA, ukatoa hati ya haki za abiria. Ukiisoma, inaahidi pesa yote kama safari imefutwa juu ya hitilafu ya mitambo, na sehemu ya pesa kama safari imekatizwa juu ya hiyo hitilafu. Bandari iliyorukwa haimo.

Halafu kuna Cuba. Juni 2019 serikali ya Trump ilipiga marufuku meli za kitalii kutoka Marekani kwenda Cuba, na ikaanza kufanya kazi siku iliyofuata tangazo. Watu walikuwa wamelipia Havana, wakaambiwa wataenda kwingine. Royal Caribbean iliwapa chaguo: futa urudishiwe yote, ama baki kwa ratiba mpya urudishiwe nusu. Nusu! Kumbuka mkataba haukuwalazimisha kutoa hata shilingi. Lakini kuwa na meli imejaa watu wamekasirika, kila mmoja na simu mkononi, ni gharama pia.

Ndio maana mara nyingi unachopewa si cash. Ni vocha ya safari ijayo, asilimia fulani, na tarehe ya kuisha. Vocha ni ofa ya kukurudisha kwa meli yao. Kama hukuwa na mpango wa kurudi, thamani yake kwako ni sufuri.

Ukienda kortini je?

Marekani ni ngumu. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu huko iliamua kesi ya mama mmoja wa jimbo la Washington aliyeanguka ndani ya meli ya Carnival. Alitaka kushtaki karibu na kwake. Majaji wakasema hapana, nyuma ya tiketi imeandikwa kesi ni Florida, basi ni Florida. Hiyo ni kona nyingine ya nchi kabisa. Mpaka leo hizo kampuni zinakuandikia mahakama ya kwenda, na nyingi zinakupa muda mfupi sana wa kuleta malalamiko kwa maandishi. Kwa bandari moja iliyorukwa, nauli ya ndege kwenda Miami itameza hiyo fidia kabla hujamwona wakili.

Australia ni stori tofauti. Mwaka 2013 mito ya Ulaya ilifurika, na kampuni ya Scenic Tours ikawa inauza kruzi za kifahari za mtoni, Amsterdam hadi Budapest. Meli hazingeweza kupita. Abiria mmoja aliyelipia siku kumi za kuelea aliishia kuelea siku tatu, zile zingine ni basi. Hebu imagine, umeweka akiba miaka, unajikuta kwa basi ukiangalia mto kupitia dirisha. Aliongoza kesi ya kundi, na jaji wa kwanza akaona kwamba Scenic ilijua au ilifaa kujua mafuriko yanakuja na ingewaambia watu mapema. Akapewa dola za Australia 2,000 kwa sababu ya kuvunjwa moyo, mbali na pesa ya safari. Kampuni ikakata rufaa na hizo 2,000 zikaondolewa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Australia ikazirudisha: mtu akikuuzia raha na asikupe raha, machungu yako ni hasara halisi.

Hiyo fikra haikuanzia hapo. Mwaka 1972 huko Uingereza, Lord Denning alishughulikia kesi ya jamaa aliyelipa pauni 63 na senti kwenda likizo ya Krismasi Uswisi. Aliahidiwa bash ya watu wengi, wiki ya pili akajipata mgeni ni yeye peke yake. Akalipwa pauni 125, karibu mara mbili ya alizotoa. Hakuumia, hakupoteza mzigo. Aliboeka tu, na ikalipwa.

Ukinunua Ulaya, una mbavu zaidi. Kuna sheria ya fidia ya feri zikichelewa, asilimia 25 hadi 50 ya nauli, lakini usiikimbilie, kruzi zimetolewa nje yake. Inayokusaidia ni ile ya likizo za pamoja, agizo namba 2015/2302, na Uingereza iko na yake ya 2018 inayofanana. Kruzi inahesabiwa kama likizo ya pamoja. Mabadiliko makubwa yakija kabla ya kuondoka, unaweza kujitoa na urudishiwe kila kitu. Yakija mkiwa baharini, unaweza kudai bei ipunguzwe, na hapa ndipo pana utamu: kupunguziwa bei hakutegemei nani alikosea. Mahakama ya Ulaya ilirudia hivyo Januari 2023 kwenye kesi ya watalii waliofungiwa hotelini Gran Canaria wakati wa Corona. Dhoruba inaiokoa kampuni na fidia ya ziada, haiiokoi na kupunguza bei ya kitu hukupata. Kubishana kutakuwa kama hiyo bandari moja ilikuwa kitu kubwa kwa hiyo safari ama la. Kruzi ya kuona Iceland ikikosa Iceland yote, uko na kesi. Ikikosa kituo kimoja kati ya tisa, hapo ni kubembelezana.

Na wewe wa Kanairo

Wengi wetu tukinunua kruzi tunapitia agenti wa tao. Hapo una kitu watu wa Miami hawana: Katiba, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma bora na taarifa kamili, na kama agenti alikuficha kitu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi mpaka milioni moja bila lazima ya wakili. Ila agenti si nahodha. Utamshinda kwa alichokuambia na alichokuficha, si kwa upepo.

So piga screenshot ya ratiba siku ile unalipa, kwa sababu ile iko kwa tovuti inaweza kubadilika. Ile barua wanaingizaga chini ya mlango wa chumba ikisema bandari imebadilishwa, usiitupe, hiyo ndiyo ushahidi wako wa tarehe na sababu. Ukijipangia tour, tafuta mwenyeji anayesema meli isipofika hulipi. Na bima, soma kama inataja bandari iliyokosekana kwa jina. Nyingine hulipa kiasi fulani kwa kila bandari, nyingi hazigusi kabisa.

Kuna moja ya sisi wa pasipoti ya Kenya ambayo Mwingereza hawezi kukuambia. Ratiba ikibadilika, visa yako haibadiliki nayo. Meli ikitoka eneo la Schengen ikaenda Tunis halafu irudi Italia, visa ya kuingia mara moja itakuletea noma. Itisha ya kuingia mara nyingi hata kama ratiba ya kwanza haihitaji.

Na kama uko na ndugu anafanya kazi kwa hizo meli, na Wakenya ni wengi siku hizi, muulize siku bandari ikirukwa inakuwaje. Wageni wanapanga laini mbele ya dawati, wanamfokea dada ambaye hana pawa ya kurudisha hata dola moja na ambaye pia alikuwa anangoja hiyo bandari ashuke, anunue bundles, aongee na watoto wake. Mombasa tunajua upande mwingine wa hiyo stori. Miaka ile maharamia wa Somalia walikuwa moto, MSC Melody ikashambuliwa karibu na Ushelisheli Aprili 2009, na meli zikaanza kukwepa pwani yetu. Abiria walirudishiwa ada ya bandari. Dereva wa tour van na muuza vinyago hawana mkataba na kampuni, so hakuna mahali pa kupeleka risiti.